Shabiki Si Mpumbavu

Liko neno moja ambalo wasomi wetu wamelifanya rungu. Mtu akishikilia jambo lake katika majadiliano, na mwenzake akakosa jibu, huyo aliyekosa jibu husema, "Huo ni ushabiki tu." Neno hilo likiisha kutamkwa, shauri limekatwa. Hapana tena haja ya kupima hoja, maana msemaji amekwisha kuvuliwa akili. Amehesabiwa miongoni mwa watu wapigao kelele viwanjani na mbele ya televisheni, ambao yasemwa kwamba hupenda kwanza na kufikiri baadaye, au hawafikiri kabisa.

Nimekusudia kulipinga neno hilo. Nasema kwamba mtu atazamaye mchezo au hadithi kwa mapenzi, akakasirishwa na kile alichoonyeshwa, mara nyingi ana hoja. Kwamba hoja hiyo yastahili kupimwa kama hoja ya mhakiki yeyote. Na kwamba waidharauo huwasaidia, pasipo kujua, watu wawili: muuzaji wa maonyesho asiyetaka kuulizwa, na mwandishi wa habari asiyetaka kusahihishwa. Nasema vile vile kwamba shabiki ana mpaka, na akiuvuka hana mtetezi kwangu. Lakini mpaka hauwezi kuwekwa na mtu anayekana kwamba shamba lina mwenyewe.

Wapinzani wangu wana methali yao, nao huitoa mapema: apendaye, chongo huita kengeza. Methali hii ni ya kweli, na simkatazi mtu kuitumia. Bali naomba ikumbukwe kwamba yule apendaye amelitazama jicho lile kwa karibu, kila siku, asubuhi na jioni. Akikosea jina la kasoro, hakukosa kuiona. Asiyependa hakulitazama hata mara moja. Kati ya shahidi mwenye upendeleo na mtu asiyekuwapo, kadhi mwenye akili humsikiliza shahidi kwanza, kisha hupima upendeleo wake. Wasomi wetu wamefanya kinyume: wamemfukuza shahidi kwa sababu ana mapenzi, wakakaa wao kuhukumu jambo ambalo hawakulitazama.

Jambo hili lapaswa kutushangaza zaidi sisi tusomao Kiswahili kuliko watu wengine, maana fasihi yetu haikulelewa na wasikilizaji bubu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, na yale ya mahasimu wake wa Lamu, hayawezi kufahamika ila kwa kujua kwamba upande mmoja uliimba na upande wa pili ukajibu, na kwamba miji mizima ilikuwa ikisikiliza na kushika pande. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa watungaji; na mtu aliyechukizwa na shairi la mwenzake alilijibu kwa vina na mizani. Ngoma ya beni ilipoenea tangu pwani mpaka bara, vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na wafuasi walioshindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa kejeli. Hata leo, katika ukumbi wa taarabu, msikilizaji hakai kama gogo. Ubeti ukimgusa huinuka, huenda mbele na kumtunza mwimbaji, na watu wote waliohudhuria hufahamu ni neno gani alilolitunza na ni nani aliyekusudiwa. Huo ni uhakiki. Tofauti yake na uhakiki wa darasani ni kwamba mhakiki ametoa fedha yake mwenyewe.

Katika desturi hiyo mapenzi hayakuonekana kuwa ni upungufu wa akili. Yalikuwa ndiyo sababu ya kusema. Lakini desturi ilitoza ushuru: asemaye sharti aseme kwa namna inayoweza kujibiwa. Aliyetaka kumrudi mshairi hakuruhusiwa kumtukana kwa lugha ya sokoni. Ilimpasa atafute vina. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu ndilo lililopotea.

Sasa natoa mifano, nianze na mmoja mwepesi. Jumapili tarehe 17 Novemba 1968, kampuni ya televisheni ya NBC ya Marekani ilikuwa ikionyesha mchezo wa mpira wa Kimarekani, ule unaochukuliwa kwa mikono, baina ya Jets wa New York na Raiders wa Oakland. Zilikuwa zimesalia sekunde 65, na Jets walikuwa mbele kwa pointi 32 dhidi ya 29. Ikafika saa 1 usiku kwa saa za mashariki ya nchi ile. Kampuni ilikuwa imekwisha kuiuza saa hiyo kwa kampuni ya saa za Timex, kwa ajili ya filamu ya Heidi, iliyotokana na kitabu cha Johanna Spyri wa Uswisi. Mchezo ukakatwa na filamu ikaanza. Katika muda ambao watazamaji wa upande wa mashariki walikuwa wakiona milima ya Uswisi, Raiders waliuvuka mstari wa mwisho mara mbili katika sekunde tisa, wakashinda kwa 43 dhidi ya 32.

Watu walipiga simu kwa wingi hata njia za simu za kampuni zikaziba. Wakubwa wa kampuni walikuwa wamekwisha kukubali kwamba mchezo uendelee, lakini hawakuweza kumpata kwa simu mtu aliyesimamia mitambo, maana watazamaji walikuwa wamezijaza njia zote, wengine wakiomba mchezo usikatwe, wengine wakiuliza kama filamu itaanza kwa wakati wake. Baadaye matokeo yakaandikwa chini ya picha, katika kile kipande cha filamu ambapo binti mgonjwa asiyeweza kutembea anajaribu hatua zake. Basi wapenzi wa filamu nao wakakasirika. Mkuu wa kampuni, Julian Goodman, aliomba radhi. Simu ya pekee ikawekwa ili jambo kama lile lisitokee tena, na mikataba ya mchezo ule ikatiwa sharti kwamba mchezo uonyeshwe mpaka mwisho kwa watu wa miji inayohusika.

Nauliza: ni nani aliyekuwa mpumbavu usiku ule? Watu walikuwa wameahidiwa mchezo, wakapewa mchezo usio na mwisho. Walidai mwisho wake. Hawakudai kwamba Jets washinde. Madai yao yalikuwa ya haki kiasi kwamba kampuni yenyewe iliyakubali na kuyafanya kuwa kanuni. Mabadiliko hayo hayakuanzishwa na mwalimu wa chuo wala mhariri wa gazeti. Yaliletwa na watu walioitwa wapiga kelele.

Hapa kwetu tumeona jambo la jamii hiyo hiyo. Tarehe 8 Machi 2025, Yanga na Simba walikuwa wacheze katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Simba walisema kwamba usiku uliotangulia walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, wakakataa kucheza. Na siku ile ile ya mchezo Bodi ya Ligi ikatangaza kuuahirisha. Haukuchezwa ila tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda mabao 2 kwa 0. Katika miezi ile, mengi yaliyosemwa yalihusu klabu ipi ina kosa na ipi inaonewa, na kila aliyeuliza swali aliulizwa kwanza rangi ya jezi yake. Lakini mtu aliyepanda basi kutoka Mbeya au Mwanza, akalipa nauli na kiingilio, alikuwa na swali ambalo halina rangi: nani hujibu kwa mtazamaji, ahadi inapovunjwa saa chache kabla ya kutimizwa? Swali hilo lilizama kwa sababu tulikwisha kukubaliana kwamba asemaye ni shabiki, na shabiki haulizi bali hulalama.

Nautoa mfano wa pili, nao si mwepesi. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza, Liverpool walikuwa wakicheza na Nottingham Forest katika nusu fainali ya Kombe la FA. Mkuu wa polisi wa zamu aliamuru lango la kutokea lifunguliwe ili msongamano wa nje upungue. Watu wakaingia kwa wingi katika vizimba ambavyo vilikuwa vimejaa tayari, na waliokuwa mbele wakabanwa kwenye ua wa chuma. Waliokufa kutokana na siku ile wamefikia watu 97, na wa mwisho wao alifariki mwaka 2021. Mkuu huyo aliwaambia wasimamizi wa mchezo kwamba mashabiki ndio waliolifungua lango kwa nguvu. Haikuwa kweli. Siku nne baadaye, gazeti la The Sun liliandika katika ukurasa wake wa kwanza, chini ya kichwa kilichosema kwamba huo ndio ukweli, kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia maiti na kuwakojolea askari.

Watu wa Liverpool walikataa. Waliacha kulinunua gazeti lile, na wauzaji wengi wakaacha kuliuza. Kwa miaka zaidi ya ishirini waliambiwa kwamba wanajitetea wenyewe, kwamba wamezama katika huzuni na mapenzi ya klabu, kwamba hawawezi kuona sawasawa kwa kuwa ni mashabiki. Mwezi Septemba 2012, jopo huru lililochunguza nyaraka lilionyesha kwamba maelezo 164 ya polisi yalibadilishwa, na kwamba katika 116 ya hayo yaliondolewa maneno yaliyowalaumu polisi wenyewe. Ndipo Kelvin MacKenzie, aliyekuwa mhariri wa gazeti siku zile, akaomba radhi. Tarehe 26 Aprili 2016, baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba wale 96 waliohesabiwa wakati huo waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia vifo vyao.

Huu ndio uzito wa jambo ninalolisema. Shabiki alikuwa shahidi wa kweli, na gazeti lilikuwa na upendeleo. Uongo haukupata nguvu kwa sababu uliandikwa vizuri. Ulipata nguvu kwa sababu wasomaji wengi walikuwa wamekwisha kuamini kwamba shabiki ni mnyama wa kundi, na kwa mnyama wa kundi neno lolote baya huaminika. Dharau iliyokaa katika fikira za watu wastaarabu ndiyo iliyoifungulia njia dhuluma ile. Basi msomi anaposema "huo ni ushabiki tu", na akumbuke ya kwamba neno hilo limewahi kuzuia haki kwa muda wa miaka 27.

Wapinzani wangu watasema, "Mbona hutaji maovu yao?" Nitayataja, wala sitayapunguza. Andrés Escobar, mlinzi wa timu ya Kolombia, aliutia mpira katika lango lake mwenyewe katika Kombe la Dunia tarehe 22 Juni 1994. Siku kumi baadaye alipigwa risasi mjini Medellín, baada ya kubishana na watu waliomkejeli kwa bao lile. Mwigizaji Anna Gunn, aliyecheza nafasi ya mke katika hadithi ya televisheni ya Breaking Bad, aliandika katika New York Times mwezi Agosti 2013 jinsi chuki ya watazamaji kwa mwanamke wa hadithi ilivyogeuka kuwa chuki kwake yeye mwenyewe, hata vikatajwa vitisho vya kuuawa. Tarehe 11 Julai 2021, Uingereza waliposhindwa na Italia kwa mikwaju ya penalti mjini London, wachezaji watatu weusi, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walitukanwa mitandaoni kwa ajili ya rangi yao.

Mambo haya ni maovu, na watendaji wake hawana hoja. Lakini tazameni kwa makini ni kitu gani kilicho kiovu ndani yake. Si kwamba watu walihukumu kazi kwa ukali. Walikuwa wameacha kuihukumu kazi. Aliyemtishia mwigizaji hakuwa ameitazama hadithi kupita kiasi. Alikuwa ameitazama pungufu, hata asitambue kwamba maneno ya mke yule yalitungwa na watu wengine, na kwamba kumchukia kwake yeye mtazamaji kulikuwa ni ushahidi wa ustadi wa mwigizaji. Aliyemtukana Saka kwa rangi yake hakusema neno lolote juu ya mpira. Kwa hiyo maovu haya hayawezi kutumiwa kuupinga uhakiki wa shabiki, kwa kuwa yanaanza pale uhakiki unapokoma.

Basi tutenge madai ya mashabiki mafungu matatu, maana kuyachanganya ndiko kulikozaa ubishi usiokwisha. La kwanza ni dai la ahadi: nilionyeshwa pungufu ya nilichoahidiwa. La pili ni dai la ukweli: mliyoyaandika hayakutokea. Madai haya mawili ni ya haki, na mwenye kuyatoa hana haja ya kuomba ruhusa ya mtu. La tatu ni dai la umiliki: hadithi hii ni yangu, na mwisho wake uwe nitakavyo. Hilo nalikataa.

Mfano wake ni huu. Hadithi ya televisheni ya Game of Thrones, iliyotokana na vitabu vya George R. R. Martin, ilimalizika tarehe 19 Mei 2019 baada ya misimu minane. Msimu wa mwisho ulikuwa na vipande sita tu. Katika kipande cha tano, malkia aliyekuwa amewafungua watumwa kwa miaka mingi anauteketeza mji uliokwisha kusalimu amri. Watazamaji wengi walisema kwamba mgeuko huo umeharakishwa: kwamba mtu hawezi kugeuka hivyo ila sababu ziwe zimetangulia na kupewa muda wa kukua. Hiyo ni hoja safi ya fasihi. Mwanafunzi akiiandika katika mtihani hupewa alama, na mtazamaji akiisema kibarazani huitwa mjinga. Lakini watu zaidi ya milioni moja walitia pia majina yao katika ombi kwamba msimu wote utungwe upya na waandishi wengine. Hapo hoja iliacha kuwa hoja ikawa amri. Mtu aweza kusema kwamba nyumba imejengwa upogo. Hawezi kumwamuru mwenye nyumba aibomoe kwa sababu yeye hupita mbele yake kila siku.

Najua nitaambiwa habari za Sherlock Holmes, ambaye Arthur Conan Doyle alimwua katika gazeti la Strand mwezi Desemba 1893, kisha, baada ya miaka ya maombi ya wasomaji na ahadi za wachapaji, akamfufua katika hadithi ya mwaka 1903. Mfano huo waniunga mkono mimi. Wasomaji waliomba, mwandishi akakubali, tena kwa kalamu yake mwenyewe na kwa wakati wake. Hawakuwa na haki ya kutii kwake. Walikuwa na haki ya kusema tu, nao waliitumia.

Sasa yuko mtu wa tatu katika ugomvi huu ambaye hadi hapa amekaa kimya akihesabu fedha. Ni yule anayezichukua sauti za mashabiki na kuziuza. Fungueni kurasa za michezo, au sikilizeni vipindi vya redio na televisheni vya asubuhi. Mtasikia kwamba mashabiki wamecharuka, mashabiki wamechachamaa, mashabiki wamekuja juu. Wamecharuka kwa sababu gani? Mara nyingi hamtaambiwa. Katika watu mia waliotoa sababu, mwandishi humchagua mmoja aliyetoa tusi, kwa kuwa tusi lina haraka na sababu ina mwendo wa kobe. Kesho yake mtangazaji yule yule husikitika hewani kwamba mashabiki wetu hawana ustaarabu. Ameiokota kelele, ameiacha hoja, kisha anamlaumu mwenye mali kwamba hana ila kelele.

Hapo ndipo ushuru niliousema mwanzo ulipopotea. Mhariri aliyepokea mashairi ya majibizano alikataa lisilo na vina. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu, lakini ulikuwa na kizingiti. Magazeti na vituo vya leo vimeung'oa mlango pamoja na kizingiti chake, vikaita tendo hilo uhuru wa wasomaji. Si uhuru. Mtu ambaye maneno yake yanatangazwa kwa sababu ya ukali wake, wala si kwa sababu ya maana yake, hajasikilizwa. Ametumiwa.

Nini, basi, kazi yetu sisi tulio vyuoni? Kwanza, tuache kulitumia neno ushabiki mahali pa jibu. Anayeona kwamba mwenzake ana upendeleo na auonyeshe upendeleo huo ndani ya hoja yenyewe, palipopinda. Pili, tuyakusanye na kuyasoma maneno ya watazamaji kama tunavyokusanya methali na nyimbo, maana humo mna maoni ya umma juu ya ahadi, haki, ushujaa na usaliti, yaliyosemwa kwa Kiswahili kilicho hai kuliko kile cha ripoti zetu. Tatu, tuwajibu. Shabiki aliyesema kwamba mwamuzi ameonea, kwamba mtangazaji amedanganya, au kwamba mtunzi ameharakisha, na aulizwe maswali ambayo mhakiki yeyote huulizwa: uliahidiwa nini, ulionyeshwa nini, na vinatofautiana wapi? Akijibu, ameingia barazani kwa haki yake. Akishindwa, ameshindwa kwa hoja, si kwa kubandikwa jina.

Na shabiki naye ana swali moja la kujiuliza kabla hajasema: nailaumu kazi, au namlaumu mtu kwa kuwa ni mtu? Akiweza kulijibu swali hilo kwa uaminifu, sioni ni kwa elimu gani mwalimu wa chuo atamwamuru anyamaze.